Injini Isiyo na Bei

Mtaa mzima walimwita Mama Bei, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja. Ukimpelekea feni iliyovunjika bawa, ataigeuza, atainusa mota kama imeungua, kisha atakutajia bei, basi. Hapandishi, hashushi. Ukianza kumlilia shida atakuambia, "Kilio kakilie kwenu, hapa tunauza vyuma." Watu walimpenda kwa hilo, maana kwingine walizoea kuvutana nusu siku na mwishowe muuzaji na mnunuzi wote wakaachana wamenuna.

Kazi yenyewe aliianza kwa bahati. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole mwenye utepe shingoni tangu asubuhi hadi anapolala. Cherehani yake ya kwanza ilipokufa kabisa, alitaka kuitupa. Mkewe akamzuia. Akaifungua yote sakafuni, gurudumu akamuuzia mtu wa kunoa visu, kanyagio akamuuzia fundi mwingine, meza yake ikaenda kwa muuza vitabu. Pesa iliyopatikana ikanunua cherehani nyingine iliyo hai. Mume akakuna kichwa. "Mke wangu, umeuza maiti ukanunua mzima!"

Tangu siku hiyo uwanja wa nyuma ya chumba cha kushonea ukaanza kujaa: pampu za maji, mota, friji zisizogandisha, magurudumu ya kila aina. Lakini mumewe, aliyemjua kuliko wateja, alikuwa na maelezo yake. Alisema mkewe hakuingia biashara hiyo kwa tamaa ya pesa. Aliingia kwa sababu hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa.

Basi jeshi likatangaza mnada wa vitu vilivyokuwa vimekaa bohari bila kazi. Mama Bei alikwenda akiwa na haja ya meza za chuma, zile za kukunja miguu, maana shule na makanisa na misikiti walikuwa wakizitafuta. Vitu viliuzwa kwa mafungu. Ukinunua fungu, unabeba kila kilichomo. Fungu la meza lilikuwa na madumu matupu, na nyuma ya madumu kulikuwa na sanduku kubwa la mbao lililopigwa misumari pande zote.

"Na hili?" akamuuliza askari msimamizi.

"Hilo nalo limo. Kilichomo ndani mimi sijui, na kulifungua hapa hairuhusiwi."

Wafanyabiashara wenzake waliliangalia kwa jicho la pembeni, wakalisukuma kwa mguu, likagoma hata kutikisika. Wakaona ni gharama ya bure ya kubeba. Mama Bei akalipia meza zake, na sanduku likaja kama nyongeza, wabebaji wakilalamika njia nzima.

Walilifungua yeye na mumewe kwa mtaimbo. Ndani palikuwa na turubai, chini ya turubai karatasi nene ya nta, chini ya karatasi grisi iliyopakwa kama mafuta anayopakwa mtoto siku ya baridi. Na chini ya grisi, injini. Ya dizeli, silinda nne zilizojipanga mstari, rangi ya kijani, haina mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa injini ya jenereta, hilo lilionekana. Ila sehemu ya kutoa umeme haikuwepo.

Mumewe hakuitazama injini. Alikuwa ameshika turubai, anapitisha kidole gumba kwenye pindo. "Tazama mshono huu, mama. Uzi mara mbili, na kila pembe imekunjwa kwa ndani. Aliyeshona hii hakuwa na haraka."

Mkewe alikuwa bado anaitazama injini. Kwa kawaida bei humjia mdomoni yenyewe, kama mate mtu anaposikia harufu ya chakula. Leo mdomo ulikuwa mkavu.

"Ngapi?" mumewe akauliza kwa mazoea.

"Sijui."

Fundi cherehani aliinua uso. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimesema sijui. Meza nimezinunua, hii nimepewa. Haijawahi kutumika, kwa hiyo si kuukuu. Imetengenezwa miaka mingi, kwa hiyo si mpya. Sijaona dada yake wala binamu yake mahali popote. Nitaifananisha na nini?"

Mumewe akacheka mpaka utepe ukaanguka. "Leo mizani imekutana na jiwe lake!"

Wa kwanza kuja kuiona alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye wote walimwita Kilo kwa sababu kila kitu duniani alikiona kwa uzito. Akaizunguka, akaigonga kwa fundo la kidole, akainama kuangalia mbele yake.

"Rejeta yake iko wapi?"

"Haikuja na rejeta."

"Basi hiyo ni mfu, mama. Injini ya dizeli bila rejeta ni sufuria mekoni bila maji. Itaungua kabla hujamaliza kuwasha. Mimi nitakupimia kwa kilo." Akataja kiasi ambacho kingenunua baiskeli, tena baiskeli iliyokwisha pata ajali.

Akafuata mwenye mashine ya kupasua mbao. Huyu alivutiwa zaidi. Alipapasa ile rangi ya kijani kama anayepapasa farasi. Lakini naye akainama mahali palepale. "Rejeta?" Alipojibiwa akasimama, akafuta mikono. "Wameiba wenyewe kwa wenyewe huko. Kutafuta rejeta ya injini ya jeshi ni kutafuta meno ya kuku." Hata bei hakutaja.

Jioni ile Mama Bei aligeuza dumu, akalikalia mbele ya injini, akashika tama. Neno lililomsumbua lilikuwa "wameiba". Mwizi huacha alama. Akiondoa bati, misumari inabaki. Akichomoa mlango, bawaba zinabaki. Rejeta ingekuwa imeondolewa, pangebaki matundu ya bolti na midomo ya mipira ya maji. Akapangusa grisi kwa kitambaa, sehemu baada ya sehemu. Hakukuwa na tundu, wala mdomo wa mpira. Maji yasingeweza kuingia injini hiyo hata ungeyabembeleza. Badala yake aliona jambo jingine: kila silinda ilizungukwa na mapezi membamba ya chuma, yamepangana kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo.

Mapezi hayo alikwisha yaona mahali. Wapi? Alilala nalo, akaamka nalo, akakoroga uji nalo. Ilikuwa asubuhi, mteja mmoja alipoingia na pikipiki kuulizia mnyororo, ndipo Mama Bei akainama ghafla akaitumbulia macho injini ya pikipiki hadi mwenye pikipiki akaingiwa na wasiwasi.

"Siiuzi, mama."

"Hii yako ina rejeta?"

"Pikipiki na rejeta wapi na wapi? Hii inapozwa na upepo tu."

Mama Bei akapiga kofi moja, pa! Mteja akaachwa akisubiri mnyororo wake. Kwenye injini ya kijani kulikuwa na kasha la bati upande mmoja, ambalo wote walilidhania ni kifuniko tu. Akalifungua bolti. Ndani palikuwa na feni kubwa kama sinia, imetazamishwa kwenye yale mapezi. Haikupungukiwa kitu. Haikuwahi kuhitaji rejeta tangu izaliwe.

Alimwita fundi wa dizeli, rafiki wa mumewe, aliyejulikana kama Fundi Pole. Pole kwa sababu ya mwendo wake, na pole kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mwenye gari bovu. Kwanza alikataa.

"Pole, shemeji. Injini kubwa namna hii ipozwe na upepo? Mimi sijaona."

"Hujaona si kusema haipo. Inama."

Fundi Pole akainama na tochi yake. Alikaa huko chini muda mrefu. Kilichosikika ni "aisee" moja, kimya, halafu "aisee" nyingine. Alipotoka alikuwa na grisi puani na uso wa mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyoizoea.

Hapo mtu mwingine angetaja bei. Lakini Mama Bei alikuwa amekwisha nasa. Kitu kizuri hivi, kizima hivi, kwa nini hakikuwahi kufanya kazi hata siku moja? Ana kasoro gani asiyeolewa? Akavaa kanga yake nzuri, akarudi bohari ya jeshi.

Askari wa stoo alipomwona alijiweka tayari kwa ugomvi. "Mama, kilichouzwa mnadani hakirudishwi."

"Sijaja kurudisha. Nimekuja kuuliza habari zake."

"Habari za nini?"

"Za injini. Ilikaa kwa nini?"

Askari akavua kofia, akamtazama vizuri. Akasema tangu aanze kazi hiyo watu hurudi kulalamika tu. Wa kuja kusalimia ukoo wa injini ni huyu wa kwanza. Akamvutia kiti. Zamani, alieleza, walikuwa na jenereta nyingi za aina ile, za kuwashia taa kambini na friji za dawa. Kwa kila kundi la jenereta waliletewa na injini za akiba, ili moja ikifa nyingine ichukue nafasi. Baadaye jenereta zenyewe zikastaafishwa, zikaletwa za kisasa. Za akiba zikabaki kwenye masanduku.

"Ni kama dawa, mama. Wagonjwa walishazikwa, dawa ikabaki kabatini, haijafunguliwa."

"Kwa hiyo haina kasoro?"

"Kasoro yake ni kwamba hakuna aliyeihitaji siku ile. Ila sikiliza: betri moja haitaisikia. Inataka mbili zilizounganishwa. Na msiimwagie kitu chochote cha kuichochea puani, pale inapovutia hewa. Subirini tu, itaamka."

Mama Bei alirudi nyumbani amejaa habari hizo kama mtu aliyetoka kumtembelea ndugu.

Siku ya kuiwasha waliazima betri mbili za lori. Fundi Pole akabadilisha mafuta ya kulainisha, akasafisha mabomba ya dizeli, akaifunga kwenye magogo mawili ili isirukeruke. Akabonyeza. Ikazunguka kwa uzito, ng'oo, ng'oo, ng'oo, ikanyamaza. Akatoa hewa kwenye mabomba, akabonyeza. Ikanyamaza tena. Majirani waliokuwa wakichungulia ukutani wakaanza kutoa ushauri, na Kilo, ambaye alikuwa "anapita tu", akasema ofa yake ya kilo bado ipo.

"Subiri," alisema Mama Bei. "Imelala miaka. Wewe ukiamshwa asubuhi moja tu unamaliza saa nzima unatafuta viatu."

Fundi akabonyeza tena. Ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikakohoa tena, kisha ikanguruma yote kwa pamoja. Hawakuwa wameifungia bomba la kuzuia kelele, kwa hiyo mngurumo ulitoka mtupu. Mabati ya paa yakatetemeka, kuku wa jirani wakaruka ukuta, na ndani mkasi wa fundi cherehani ukatembea wenyewe mezani hadi ukaanguka. Grisi ya zamani ikaanza kufuka moshi, watu wakakimbia wakidhani ni moto. Mama Bei hakukimbia. Aliweka kiganja mbele ya mapezi, akahisi upepo wa moto ukitoka. Akacheka peke yake kama chizi.

Kelele hizo ndizo zilizomleta Mama Vifaranga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye nyumba ya kutotolesha vifaranga upande wa pili wa barabara kuu: mashine kubwa kama makabati, zimejaa mayai, zinazotaka joto lilelile mchana na usiku. Jenereta yake ilikuwa imekufa injini, kichwa chake cha kutoa umeme kikabaki kizima. Aliizunguka injini ya kijani bila kuigonga, wala hakuinama kutafuta chochote.

"Ikiwaka asubuhi," akauliza, "jioni itakuwa bado inawaka?"

Wateja wote hapo kabla walikuwa wameuliza kiko wapi hiki, ni ngapi ile. Hakuna aliyeuliza hivyo.

"Sijui, dada yangu," Mama Bei akajibu. "Na mimi nataka kujua. Tuipeleke kwako tuione."

"Na bei?"

"Bei itakuja ikishajijua."

Ikabebwa. Fundi Pole akatumia siku kadhaa kuioanisha na kile kichwa cha umeme, akichonga hapa na kuchomelea pale, na kila jioni Mama Bei alikuwa huko, kisingizio chake kwamba analinda mali. Mumewe alimwambia, "Tangu tuoane hujawahi kunitazama mimi nikifanya kazi namna hiyo." Akamjibu, "Wewe nakujua ndani na nje, baba watoto."

Walipowasha umeme wa nyumba kutoka kwenye injini ile, taa ziliwaka kwa ukali, nyeupe kuliko kawaida. Moja ikapasuka. Feni za kwenye mashine zikaanza kulia kama nyuki waliochokozwa.

"Zima! Zima!" Mama Vifaranga alishika kichwa.

Walikaa chini, watatu, wakiitazama injini iliyonyamaza. Fundi Pole akafikiri kwa mwendo wake. Akasema anadhani imeundwa izunguke haraka kuliko jenereta za huku. Huko ilikotoka umeme wao una mwendo mwingine. Kuna skrubu na springi ya kuipangia mwendo, wakiilegeza, itatulia. Wakailegeza. Taa zikarudi rangi yake, feni zikatulia kwenye mvumo wa kawaida. Mama Vifaranga akawasha mashine moja, mbili, tatu, zote zikashika joto. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza.

"Hii naichukua. Taja bei."

Na hapo bei ikamjia Mama Bei, nzima, mdomoni, kama zamani. Ilikuwa bei nzuri, ya pikipiki mpya na chenji juu. Lakini alimwona Fundi Pole amesimama kando anakuna shavu, na akajua ana neno.

"Shemeji, una nini?"

"Sina kitu. Ila ukiipunguza mwendo, unaipunguzia na nguvu. Mashine tatu itabeba. Nne pia. Dada ana sita."

Mama Vifaranga hakusikia. Alikuwa ndani anasoma vipimajoto. Fundi Pole akaangalia mbali, maana biashara haikuwa yake. Mama Bei alisimama pale mlangoni, harufu ya maganda na ya dizeli zimechanganyika puani. Angeweza kunyamaza. Mashine sita zisingewashwa pamoja leo. Pengine hata mwaka huu.

Akaingia ndani. "Dada, haiwezi sita. Kwa mwendo huu, nne."

Mama Vifaranga akageuka taratibu. "Umejua lini?"

"Sasa hivi. Na wewe umejua sasa hivi."

Yule mwanamke akahesabu kitu kichwani. "Umeme ukikatika, mashine mbili ninaweza kuzipunguza kwa zamu. Mayai ya siku za mwanzo huvumilia kidogo. Basi wewe ungekuwa mimi, ungelipa nini?"

Mama Bei alitaka kujibu haraka, akajizuia. "Umeme ulipokatika mara ya mwisho, ulipoteza nini?"

Mama Vifaranga akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha shimo lililofukiwa, udongo wake bado laini. Mayai ya mashine nzima yalikuwa humo, vifaranga waliokaribia kutoka. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeonyesha mpaka wa kiwanja chake.

"Basi bei yake ni hiyo," alisema Mama Bei. "Thamani ya mashine moja iliyofukiwa. Ikikuokolea mara moja, imejilipa. Mara ya pili ni faida yako."

Kiasi hicho kilikuwa chini ya ile bei iliyomjia mdomoni, na juu sana ya baiskeli ya Kilo. Mama Vifaranga hakuomba punguzo. Akampa mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto kama vifaranga waliotoka mashineni.

Nyumbani mumewe aliuliza alivyozoea. Akaambiwa. Akafikiri, sindano mdomoni. "Ungepata zaidi."

"Ningepata."

"Na unajuta?"

"Najuta jambo moja. Imeondoka uani. Sasa sina kitu nisichokijua."

Majuma yakapita. Mchana mmoja umeme ulikatika mtaa mzima. Cherehani ya umeme ya mumewe ikasimama katikati ya pindo la suruali ya mtu. Mama Bei akajitanda, akasema anakwenda dukani, akavuka barabara kuu. Alianza kuisikia mbali, mngurumo umetulia sasa, maana walikuwa wameifungia bomba la kuzuia kelele. Mlango wa Mama Vifaranga ulikuwa wazi, joto linatoka. Mashine nne zilikuwa zinavuma, na mbili zimefunikwa mablanketi zikisubiri zamu.

"Umekuja kuiangalia," alisema Mama Vifaranga bila kugeuka.

"Nimepita tu."

"Duka liko upande ule, dada." Akavuta trei, akachukua yai moja, akampa. "Weka sikioni."

Mama Bei akaweka. Mwanzo alisikia injini tu. Kisha, ndani kabisa, kitu kikagonga. Tik. Kikapumzika. Tik, tik.

Akalishusha, akaligeuza, akalitazama pande zote. "Humu ndani ni giza tupu. Anajuaje pa kugonga?"

Mama Vifaranga akaliangalia yai lile. Miaka yote ile hakuna aliyemwuliza, wala yeye mwenyewe hakujiuliza.

"Sijui," alisema, akavuta viti viwili vya plastiki. "Kaa tumwangalie."